Mgongo wa nesi una tarehe gani?

Majuzi nilikuwa Ngara nikimuuguza shangazi yangu, hospitali jina kapuni. Shangazi kavunjika nyonga, na mwili anao, si chini ya kilo 80. Kumtoa kwenye machela mpaka kitandani tulikuwa watatu: manesi wawili na mimi. Moja, mbili, tatu, nyanyua! Kitanda chenyewe cha chuma, hakipandi wala hakishuki. Nesi mmoja, mama mtu mzima, akabaki ameinama kashika kiuno. Nikampa pole. Akacheka: "Tumezoea mwanangu, huyu ni wa sita tangu asubuhi." Dawa yake eti diclofenac.

Nikaenda kusoma. Mwaka 2007 Thomas Waters, mtafiti wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, alipendekeza nesi asibebe kwa mikono uzito wa mgonjwa unaozidi kilo 16 hivi. Jamani, hiyo haifiki hata ndoo ya maji ya lita 20! Kwa hesabu hiyo shangazi alihitaji watu watano. Zamu ya usiku utawatoa wapi?

Sasa kinachonishangaza ni hiki. Wilaya zetu hizi dunia inazikumbuka kwa dharura tu. Ngara, Aprili 1994, Wanyarwanda kama robo milioni walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Biharamulo, Januari 2025, ikatangazwa Marburg. Mpaka inatangazwa kwisha tarehe 13 Machi, watu 10 walikuwa wamehesabiwa kufa. Kwenye ugonjwa kama ule mwili wa mhudumu unahesabiwa. Ndani ya yale mavazi ya kujikinga ni joto na jasho, kwa hiyo kanuni ni kuingia kwa muda mfupi, saa moja hivi, halafu unatoka, na mwenzako anakuangalia unavyovua. Manake inajulikana kabisa kwamba mtu akichoka anakosea. Mlipuko ukiisha, ujuzi huo unafungashwa pamoja na mahema. Wodini hakuna anayemshikia nesi saa.

Sheria ipo. Ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya 2003, na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ulianza kazi 2015. Ila fidia inataka ionekane kwamba kazi ndiyo iliyokuumiza. Ukichomwa na sindano, siku inajulikana, unaandikwa kwenye daftari. Mgongo ulioliwa kidogo kidogo kwa miaka 20, utaujazia fomu tarehe gani?

Najua mtasema hela hakuna. Mashine za kunyanyulia wagonjwa kweli ni ghali, sibishi. Lakini lile shuka laini la kutelezea, ili mgonjwa avutwe badala ya kubebwa, nalo linangoja mfadhili?

Manesi na matabibu mnaopita hapa, hasa wa Biharamulo, hebu tuambieni: wodini kwenu mna nini cha kumnyanyulia mgonjwa zaidi ya mikono na ndugu zake?