Amina Naye ni Bi Harusi



Tangu Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, sisi wanawake wa visiwani hatujaacha kumgombania. Wako wanaosema ni wetu, kazaliwa Unguja mwaka 1948, fahari yake ni fahari yetu. Wako wanaosema si wetu, kaondoka na miaka kumi na minane, kaishi na kusomesha Uingereza, na vitabu vyake vyote kaviandika kwa Kiingereza. Kisha mwaka 2022 riwaya yake ya *Paradise* ikatoka kwa Kiswahili, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ikaitwa *Peponi*. Hapo likazuka kundi la tatu. Hawa hawana shida na pasipoti ya mtu. Wao wanasema: anatuaibisha Waislamu mbele ya wazungu.

Sisi tunataka kujibu hili la tatu, kwa sababu linatuhusu wanawake kuliko wanavyodhani wanaolisema. Lakini tuanze na lile dogo, tulimalize.

Gurnah hayuko peke yake. Ana kizazi chake. Adam Shafi kazaliwa 1940, Said Ahmed Mohamed 1947. Wote wamekulia zama za Sultani, na Mapinduzi ya 1964 yakawakuta vijana. Mmoja kachukua Kiingereza, wenziwe wamebaki na Kiswahili. Basi hebu tuwasome hawa waliobaki na Kiswahili. *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka 1980, inatupa Maimuna, binti aliyefungiwa ndani na baba mwenye jina kubwa mjini, akaja kuharibikiwa alipotoka. *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, inatupa Yasmin, msichana aliyeozwa mzee Raza, mtu wa makamo ya babake. Vitabu hivi vimesomwa na watoto wetu, na hicho cha pili kimechezwa filamu. Watunzi wake hatujawaambia wanaandika kuwafurahisha wazungu. Basi kumbe waliopita njia mbalimbali wamefika kwenye mlango mmoja, na nyuma ya mlango huo yuko binti asiyeulizwa. Wote watatu hawawezi kuwa wameota ndoto moja.

Sasa tuje kwenye shutuma yenyewe. Kwa ambao hawajaisoma, *Peponi* ni hadithi ya Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili. Babake ana deni kwa tajiri Aziz, mfanyabiashara wa pwani, mtu mtaratibu, mwenye heshima zake. Deni halilipiki, basi mtoto anachukuliwa rehani. Anafanya kazi dukani, halafu anaingizwa kwenye msafara wa bara. Na katika nyumba ya tajiri huyo yuko Amina. Alitekwa akiwa mdogo, akaokolewa na mtu mwema, akalelewa kama binti. Mlezi wake naye akaingia kwenye deni la Aziz. Amina akatolewa pamoja na kaka yake wa kulelewa, na alipopevuka tajiri akamwoa.

Hapo ndipo dada zetu wanapokasirika. Kwa nini tajiri wa Kiislamu? Kwa nini mtu anayesali awe ndiye anayekusanya watoto wa watu?

Jibu liko Tabora, dada. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ng'ambo tu ya Unguja, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe ambako ndiko Tabora, halafu ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, na wengine wakavuka kwenda Manyema. Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha katikati. Hapo mizigo ilipumzishwa, wapagazi walibadilishwa, na matajiri wa pwani walijenga nyumba za tembe na kupanda miembe. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru wenye ujira wao. Pembe zilishuka pwani, vitambaa na shanga zilipanda bara. Na pamoja na pembe walishuka watu.

Bidhaa hizo zilitolewa kwa mkopo. Mwenye mtaji Unguja alimkopesha mwenye msafara, mwenye msafara akawakopesha wadogo njiani. Msafara ukiharibika, deni halifi. Linatafuta pa kushukia, na mara nyingi lilishukia kwa asiyeweza kukataa: mtoto, na hasa mtoto wa kike.

Wala haya hayakuletwa na mwandishi aliyekaa Ulaya. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kufariki Unguja mwaka 1905, na ameeleza misafara, pembe, vita na mateka bila ya kuona haja ya kuficha. Babake, Muhammed bin Juma, alikaa Tabora na akamwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Ukwe na mtemi kwenye njia ya biashara si jambo dogo. Ndoa ilikuwa mlango wa soko. Mwaka 1901 kikatoka kitabu cha *Safari za Wasuaheli*, humo watu wa pwani wenyewe wanaeleza walivyokwenda bara. Habari zilikuwepo kwa lugha yetu na kwa vinywa vya wazee wetu, karibu miaka mia kabla ya *Paradise* kutoka mwaka 1994.

Na hapa visiwani je? Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Mwaka 1897 ikatoka amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria. Lakini amri ile iliwaacha nje masuria. Mwanamume mtumwa aliweza kwenda mahakamani kudai uhuru wake, suria akaambiwa yeye ni wa nyumbani. Alisubiri mpaka 1909. Miaka kumi na miwili zaidi, kwa sababu tu alikuwa mwanamke ndani ya nyumba ya mtu. Tukisema hadithi ya Amina inatuaibisha, tujiulize tunamstahi nani. Hatumstahi yeye.

Tunakubali jambo moja, na tunalikubali kwa moyo. Biashara ile imefanywa fimbo ya kuupigia Uislamu tangu zama za wamisionari, na mpaka leo wako wanaoitaja ili kutukana dini tu. Hao hawasemi kwamba pembe zilikwenda kuwa vibao vya piano na mipira ya biliadi Ulaya na Marekani. Hawasemi kwamba watemi wasio Waislamu nao waliuza watu. Hawasemi kwamba waliokuja kwa jina la kuukomesha utumwa walijenga boma, wakatoza kodi na kumpiga vita Mtemi Isike wa Unyanyembe mpaka akajilipua ndani ya ngome yake mwaka 1893. Lakini dada, isome *Peponi* mpaka mwisho. Inaishia na Wajerumani na askari wao wanaozoa watu njiani. Gurnah hakumwacha mzungu akapita na mikono safi. Anayekwambia kitabu kile kinawashitaki Waislamu peke yao, muulize kwa upole kama alikimaliza.

Sasa dini. Hapa ndipo hasa tunapotaka kusimama.

Mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Sura ya An-Nisaa, aya ya 4, imewaamrisha wanaume wawape wanawake mahari yao, na haikusema wapewe baba, mjomba wala mwenye kudai. Imam Bukhari amepokea habari za Khansaa binti Khidaam, mwanamke aliyewahi kuolewa, ambaye babake alimwoza asikotaka. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.), na Mtume akaitengua ndoa ile. Kumwacha huru mtumwa ni ibada, na ni kafara ya makosa makubwa. Haya tunayasoma kwenye darsa kila siku.

Tunajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa sisi ni Mashafii, na kwa Mashafii baba ana uwezo wa walii mujbir kwa binti yake bikira. Vizuri. Na wanachuoni haohao wakaweka masharti: kusiwe na uadui baina ya baba na binti, mume awe kufu wake, na awe na uwezo wa kulipa mahari, yasiyopungua yale ya wanawake mfano wake. Na juu ya yote wakasema kumuuliza ndiyo sunna. Tafuta katika masharti hayo pahali palipoandikwa kwamba deni la baba linageuka mahari ya binti. Hutapaona.

Tutaambiwa tena kwamba kunyamaza kwa bikira ni idhini. Ndiyo, kunyamaza kwa aliyeulizwa, ambaye haya zimemzuia kusema ndiyo. Asiyeulizwa hakunyamaza. Amenyamazishwa.

Kwa hivyo anayekificha kisa cha Amina kwa kudhani anaulinda Uislamu, analinda mila ya soko dhidi ya Uislamu. Aibu ni ya aliyetenda. Aliyeeleza ametoa ushahidi, na wazee walisema mficha uchi hazai.

Wala msidhani haya yamekwisha na misafara. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2010 ulionesha kwamba Tabora asilimia 58 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Ni Shinyanga tu iliyoipita, kwa asilimia 59. Sheria ya Ndoa ya 1971, inayotumika Bara, iliruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikashikilia hivyohivyo mwaka 2019. Wako Waislamu humo, wako Wakristo, wako wa dini za jadi. Jambo linalowakutanisha ni baba mwenye shida na mtu mwenye ng'ombe au fedha. Njia ni ileile, ila sasa ina reli na lami.

Na sisi wa visiwani tusijitoe. Sheria ile haitumiki kwetu, lakini tunaujua mtindo wa mahari kuingia mfukoni mwa baba, ikalipa deni la duka au ikanunua pilau ya shughuli, na bibi harusi hata hesabu yake hajaiona. Tunawajua mabinti waliojua jina la mume siku ya kupakwa hina. Ewe bi harusi mtarajiwa, kabla ya singo na kabla ya kuchagua gauni, uliza matatu: nimeulizwa, au nimeambiwa tu? Mahari yangu ni kiasi gani na yako wapi? Na baba ana deni lolote kwa upande wa mume? Ukiona uzito kuyasema, mtume somo wako ayaseme. Ukizibiwa njia, kadhi yupo, na kazi yake ndiyo hiyo.

Nasi pia tuna madai yetu kwa Gurnah na kizazi chake. Wametuonesha mlango, na hilo tunawashukuru. Lakini mwishoni mwa *Peponi* Yusuf anawakimbilia askari, na Amina anabaki ndani ya nyumba ya tajiri. Hadithi inamfuata mwanamume. Maimuna na Yasmin nao tumewajua kwa kalamu za wanaume. Si kosa la mwanamume kuandika habari za mwanamke, ila haitoshi. Zainab Burhani alituandikia *Mali ya Maskini*, na katika zama zetu hizi Zainab Alwi Baharoon ametupa *Mungu Hakopeshwi*. Ni wachache mno kwa wanawake walivyo wengi wenye ya kusema, na wasomaji wanaobishana juu ya Gurnah wangefanya vyema kununua na vitabu vya hawa.

Basi kama ni wetu au si wetu, amueni mtakavyo. Sisi tunasema Amina ni wetu bila ya mjadala. Ni Muislamu, ni bibi harusi, na hakuna aliyemuuliza. Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Lilipwe kwa fedha, kwa jasho, kwa shamba likibidi. Binti si sarafu.

Allah awajaalie mabinti zetu ndoa za ridhaa na mahari ya halali mikononi mwao wenyewe. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq.