Mchele wa Ndege Haujengi Nchi

Jamani waandishi wenzangu, leo nataka tugombane kidogo. Kwenye vijiwe vyetu vya kusomeana hadithi kumezuka mtindo wa "ingekuwaje kama". Mtindo wenyewe sina ugomvi nao. Mimi pia, cheti cha kidato cha nne kabatini na kazi sina, nimejaza madaftari mawili ya riwaya ya namna hiyo, kuhusu nchi ya Wahmong. Hawa ni watu wa milimani, wa kusini mwa Uchina, Vietnam, Laos na Thailand, ambao mpaka leo hawana dola yao. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyowapa hiyo dola.

Hadithi inayopendwa ni hii. Ni Mei 1975, Long Cheng, kambi ya siri ya Jenerali Vang Pao katika milima ya Laos. Tangu 1961 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilikuwa likiwapa Wahmong silaha wapigane na wakomunisti wa Pathet Lao na jeshi la Vietnam ya Kaskazini. Mambo yalipoharibika, ndege chache zikamchukua jenerali na sehemu ndogo tu ya watu wake. Maelfu waliachwa, wakashika njia kwa miguu mpaka Mto Mekong, wavuke kwenda Thailand. Wengi walifia njiani na majini.

Sasa mwandishi wetu anafanyaje? Anawarudisha Wamarekani! Mabomu yanalia, bendera inapanda, jenerali anakuwa rais, mwisho.

Hapana bwana. Huyo hajabadili historia, kabadili ratiba ya ndege tu.

Hebu tuulizane: kesho yake watu wanakula nini? Miaka ile ya vita wanaume walikuwa mstari wa mbele, vijiji vinahama, mashamba yameachwa. Magunia ya mchele yalidondoshwa kutoka angani. Nchi gani hiyo inayotazama juu ndipo ijue kama leo italala na njaa? Na ingelindwa na nani? Watu wazima walikuwa wamekwisha, mpaka watoto wakabebeshwa bunduki. Kati ya 1964 na 1973 Marekani ilimwaga Laos mabomu ya zaidi ya tani milioni 2, na bado haikushinda. Mwezi mmoja zaidi ungesaidia nini?

Halafu kuna uongo mwingine, mbaya zaidi: eti Wahmong wote walikuwa na sauti moja. Touby Lyfoung alishikamana na Wafaransa. Faydang Lobliayao akaenda na Pathet Lao. Koo zao zilikuwa zimeoleana, kisha zikagombea madaraka. Haya, wape nchi mwaka 1954, Wafaransa wanafungasha virago. Nani anakaa kwenye kiti? Na Walao wa mabondeni, na Wakhmu wanaoishi milima hiyohiyo, watapewa nini? Hapo ndipo riwaya ilipo, ndugu yangu, na hapo ndipo sisi tunaporuka ukurasa!

Mkitaka kubadili historia, anzeni na kitu ambacho Wahmong wenyewe walikuwa nacho mkononi. Pa Chai Vue aliinua watu dhidi ya kodi na utawala wa Wafaransa kuanzia 1918 mpaka alipouawa 1921. Hakutumwa na mzungu yeyote. Au mchukueni Shong Lue Yang, mkulima asiyejua kusoma, ambaye mwaka 1959 aliibuka na maandishi mapya kabisa ya lugha yake. Pande zote mbili za vita zilimshuku, na mwaka 1971 akauawa. Ingekuwaje kama angeachwa afundishe? Shule ngapi, magazeti mangapi, mashairi mangapi? Maandishi yake hayakufa: mwaka 2014 yaliingizwa katika Unicode, mfumo unaoziwezesha kompyuta za dunia kusoma herufi. Yamefika huko bila bendera wala jeshi.

Najua mtasema msomaji anataka risasi. Kweli, anazitaka. Lakini msomaji huyohuyo anajua njaa, anajua ugomvi wa ukoo, anajua kuahidiwa na wakubwa kisha kuachwa uwanjani na mzigo wako. Ukimficha hayo, umemdharau yeye na umewadharau Wahmong.

Daftari langu la kwanza lilikuwa na ndege kumi na mbili ukurasa wa kwanza. Nimelichana. La pili nimelisoma tena, nikakuta jenerali anahutubia kurasa saba na hakuna hata mtu mmoja anayepika. Nalo nimelichana. La tatu linaanza na mkulima na penseli yake, na jirani anayembishia.

Mwenye hoja nyingine aandike. Ila asije na ndege.