Risasi Iliyolipa Mshahara
Mwaka 2019 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimfunga mfanyabiashara wa Kichina Yang Fenglan miaka 15 kwa biashara ya pembe za ndovu, na mjini tukashangilia. Sawa. Ila kesi huanza tembo akiwa ameshakufa. Akiwa hai hulindwa na askari mwenye mafuta kwenye gari. Katika Pori la Akiba la Selous, miaka ya 1990, mafuta hayo yaligharamiwa na wawindaji wa kitalii: nusu ya mapato ya uwindaji ilibaki porini, doria zikafanyika, na tembo waliokuwa wakimalizwa na majangili wakafika kama 70,000 mwaka 2006. Lakini utaratibu ule ukaachwa, fedha zikavutwa Serikali Kuu, soko la Asia nalo likachachamaa, na kufikia 2013 walibaki kama 13,000. Simpendi mtu anayelipa maelfu ya dola ili apigwe picha na mzoga. Lakini akilazimika kumwacha simba asiyetimiza miaka 6, na ada yake ikamfikia askari pamoja na kijiji kinachokanyagiwa mahindi, nitamvumilia. Ada ikiishia mjini, namtia kapu moja na jangili.