Usihangaike kumfundisha boda kukumbuka ufunguo, badilisha kufuli

Boksi la boda likijifunga na ufunguo ukiwa ndani, ushauri kwenye magrupu yetu ni ule ule kila mara: "Mwambie kijana wako awe makini." Mimi nasema huo ushauri hauna kazi. Mtu anayefungua na kufunga boksi mara ishirini kwa siku, simu inaita, mteja anadai chenji, nyuma kuna Hiace inampigia honi, siku moja atasahau tu. Hata wewe ungesahau. Shida ni kufuli linalokubali kufungwa wakati ufunguo haupo mkononi mwa mtu. Hilo ndilo la kutolea hela.

Angalia lililotokea mwezi wa sita, njia ya Matai. Kwa ambao hawajafika huku kwetu: Sumbawanga iko juu, kwenye uwanda wa Ufipa, na mwezi wa sita na wa saba baridi yake siyo ya mzaha. Wateja wa Dar nikiwaambia boda wetu wanaendesha na koti zito na glavu wanadhani natania. Sasa kijana mmoja alibeba mizigo ya wauzaji watatu, mmoja wao mimi. Alipofika Matai kwa mteja wa kwanza akavua glavu ili atafute kifurushi. Vidole vimekufa ganzi, anahitaji mikono yote miwili, basi glavu, simu na funguo vyote akaviweka ndani ya boksi. Akatoa kifurushi, akamkabidhi mama wa watu, akashusha mfuniko, akabana kufuli. Tak!

Hebu hesabu vilivyobaki ndani. Ufunguo wa kufuli. Ufunguo wa pikipiki, kwa sababu ulikuwa kwenye pete moja na ule wa kufuli. Simu yenye namba za wateja na za sisi wenye mizigo. Vifurushi viwili, na kimoja ni gauni la sendofu ya jioni hiyo hiyo, la mteja wa kijiji cha ndani, nje ya lami.

Kijana akaazima simu ya yule mama. Namba pekee aliyoijua kwa kichwa ni ya mke wake. Mke akatutafuta sisi, na mmoja wetu akajibu kwa neno moja: vunja. Akaenda kwa fundi wa kuchomelea. Namshukuru sana yule fundi kwa sababu hakuwasha grenda. Cheche za grenda juu ya boksi lenye nguo ndani unajua zinaweza kuishia wapi. Alichukua tindo akakata riveti za bawaba kwa nyuma, mfuniko ukafunguka kinyumenyume. Lakini boksi likawa halifungiki tena. Safari iliyobaki mfuniko ulishikiliwa na mpira wa kufungia mzigo, na vumbi la kiangazi likaingia lilivyotaka. Gauni lilikuwa jeupe. Mteja alilikataa, na mwenzangu akarudisha hela yote.

Halafu likaanza la pili, nani alipe. Hilo nitalirudia.

Turudi kwenye kufuli. Makufuli mengi yanayouzwa madukani yana springi ndani. Ukilibana kwa kiganja linajifunga lenyewe, ufunguo uwepo usiwepo. Ni rahisi kutumia, na ndiyo maana ni hatari kwenye boksi. Lakini lipo kufuli la aina nyingine, ambalo likiwa wazi haliachii ufunguo. Ufunguo unatoka pale tu unapokuwa umelifunga. Maana yake ni hii: boda akifungua boksi, kufuli na ufunguo ni kitu kimoja mkononi mwake. Hata akivitupa vyote ndani na kushusha mfuniko, boksi halijafungwa, maana chenye kulifunga kiko ndani nacho. Hawezi kukosea hata akitaka.

Kulijua halina haja ya kusoma maandishi kwenye pakiti. Ukiwa dukani mwambie muuzaji akufungulie kufuli. Likiwa wazi, vuta ufunguo. Ukitoka, rudisha, hilo siyo lako. Ukigoma kutoka mpaka ulifunge, lipa uondoke nalo. Pale Soko Kuu wauzaji wengine watakushangaa, wanadhani unalikagua kama bovu. Waache washangae.

Kama boksi lako ni la plastiki, yale ya kununua tayari, halina kufuli la kuning'inia bali kitasa chake. Hapa pia kuna aina mbili. Mfuniko ukiwa wazi, zungusha ufunguo upande wa kufunga, uchomoe, kisha shusha mfuniko taratibu. Ukiuma na kushika, ujue hilo ndilo linalomeza funguo. Na kwa mengi ya haya, boliti zinazolishika kwenye keria zimefungwa kutokea ndani, kwa hiyo usidhani utalifungua spana uende nalo kwa fundi peke yake. Pikipiki nzima itasukumwa. Kwa wanaochomelea boksi la bati hapa mjini, mwambie fundi aweke kitasa cha kuzungusha ufunguo, kama cha droo ya meza. Hicho ili kifunge lazima ufunguo uwe umechomekwa, na kazi inakuwa imeisha kabla boksi halijapakwa rangi.

Skuta ndiyo haina ujanja. Huku kwetu siyo nyingi, ila najua wasomaji wa Dar na Mwanza mnazo. Chumba cha chini ya kiti kinajifunga chenyewe kiti kikishuka, kimetengenezwa hivyo. Ukishafungia ufunguo ndani, usikimbilie bisibisi, utapasua plastiki na kupinda ulimi wa kitasa, halafu ufunguo ukipatikana kiti hakifungi tena. Kiti cha skuta ni sponji juu ya plastiki, na pembe zake za nyuma mara nyingi zinanyanyuka kidogo. Mtu mmoja anyanyue kwa nguvu ya wastani, mwingine mwenye mkono mwembamba aingize waya uliokunjwa ncha, spoku ya baiskeli inafaa, avue pete ya funguo. Ikishindikana, fundi wa pikipiki anajua waya unaovuta kitasa unapita wapi, na anaweza kuuvuta bila kuvunja kitu. Hapo itabidi utoe kadi ya pikipiki au mtu anayekufahamu, na fundi asiyeuliza hivyo mimi nisingemwamini.

Sasa ufunguo wa akiba. Wengi tunao, ila tunauweka mahali pa ajabu. Kuna anayeufunga kwenye pete moja na ule mwingine, yaani vyote viwili vinafungiwa pamoja. Kuna anayeuficha kwenye kimfuko cha ndani ya boksi! Ufunguo wa akiba ukae na mtu, tena mtu anayepokea simu. Kwa wauzaji wanaochangia boda mmoja, akae nao yule mwenye fremu karibu na stendi, kwa sababu ufunguo unaweza kupanda gari. Kijana akikwama Laela, konda wa basi la Tunduma anauteremsha. Akikwama Matai, utapata gari la kwenda huko. Kule bondeni, Muze na Mtowisa, usitegemee sana, magari ni ya kusubiri, kwa hiyo safari za huko boda aende na ufunguo wa pili shingoni, kwenye kamba, chini ya shati.

Na ule wa pikipiki wenyewe? Pikipiki mpya huja na funguo mbili. Lakini vijana wengi wanaendesha kwa hesabu au kwa mkataba, na ule wa pili umekaa kwa tajiri pamoja na kadi. Muulize boda wako leo: ufunguo wa pili uko wapi? Kama ni kwa tajiri, chukua namba ya tajiri. Ukikopi, peleka ule wa asili kwa fundi wa funguo. Kopi ya kopi inaanza kugoma taratibu mpaka siku inakatikia ndani. Gharama ya kukopi ni ndogo kuliko nauli ya kwenda Laela na kurudi.

Kitu kingine kidogo ambacho hakina gharama kabisa: namba zetu ziandikwe kwenye karatasi, ikae mfukoni mwa boda. Siku ile ya Matai, kama mke wa kijana angekuwa kanisani simu imezimwa, tungejua habari usiku.

Nirudi kwenye nani alipe. Wenzangu wawili walitaka kijana akatwe, boksi na gauni, "ndiyo atajifunza." Mimi nilikataa na bado nakataa. Boksi lilikuwa linabeba faida ya watu watatu. Kufuli lilinunuliwa na sisi, la bei ya chini kabisa, tukampa. Glavu alivaa kwa sababu ya baridi ya kutuletea hela sisi. Halafu fikiria biashara: kijana anayekatwa mshahara wa wiki mbili kwa kusema ukweli, safari ijayo mzigo ukilowa au ukipasuka atakuambia? Atamkabidhi mteja, atapiga gesi, na wewe utasikia kwa mteja, tena kwenye komenti mbele ya watu. Yule alitafuta simu, akatafuta mke, akatafuta fundi, akarudi na kila kifurushi. Boda wa hivyo hapa mjini hawako wengi.

Tulichokubaliana baada ya kuvutana siku mbili ni kwamba matengenezo ya boksi tunagawana watatu, na kijana anachangia kwa kulipeleka na kulifuata kwa fundi. Gauni alibeba mwenyewe mwenye gauni, kwa sababu alilipeleka siku ile ile ya sendofu, na hilo lilikuwa la hatari hata kama boksi lisingejifunga. Hakufurahi. Namuelewa.

Kuna dada alinijibu kwamba kufuli linaloshika ufunguo ni usumbufu, boda anakaa na kitu kizito mkononi huku anahesabu hela. Ni kweli. Wengine wanalitundika kwenye kioo cha pembeni, na hapo mtu mwenye mkono mwepesi anaweza kuondoka na kufuli lote na ufunguo wake. Dawa yake ni kulirudisha kwenye tundu lake upande mmoja wa boksi, linaning'inia wazi, mikono inabaki huru. Ukichomelea boksi jipya mwambie fundi aongeze tundu la pili pembeni kwa kazi hiyo. Langu limeongezwa, lipo upande wa kulia, kijana analiona akiwa amekaa.