Mali Bila Daftari

Nyumba ya Makumbusho ya Gitega iliwekwa mwaka 1955, na ndani yake mna vyombo vya enzi za wafalme wetu. Vitabu na magazeti ya zamani vimo katika maktaba. Hivyo chombo kiko huku, habari zake ziko kule, na mwanafunzi wa Kibenga havioni vyote viwili.

Yafaa wenye maktaba na wenye makumbusho washirikiane: wavipige picha vitu na kurasa, waziweke pamoja katika kompyuta, kila shule ipate kuzisoma. Jambo hili si ndoto. Huko Lamu, hati za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza, nazo hati zenyewe zikabaki Lamu. Mwaka 2021 makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, iliwapa Warwanda nakala za nyimbo zao zaidi ya 4,000. Vitu vya Burundi vimo humo pia. Kwa nini nasi tusiombe?

Wengine watasema tungojee fedha. Lakini mashine zaweza kungojewa, wazee hawangojei. Picha isiyo na jina la mtu wala la mahali ni bubu, na majina hayo wanayo wazee.

Basi, ninyi mlio darasani na ninyi mliokwisha kumaliza, pigeni hodi Buyenzi na Kibenga, ulizeni, andikeni majina nyuma ya picha za nyumbani. Mali bila daftari hupotea bila habari.