Masasi ya kuokota: mtoto anaonywa, lakini nani ananunua?

Tangu mapigano ya Januari 2025 ndani na kando ya Goma, masasi na mabomu yasiyolipuka yalibaki mashambani, kwenye mitaro, hata ndani ya parsele za watu. Onyo kwa watoto tunalijua wote: usiguse. Lakini kuko swali lingine. Mtoto akiokota, nani anamulipa?

Ganda la risasi, ile wengi wanaita duyi, linaweza kuwa la shaba, na shaba ina bei. Kwenye soko ya mitraye inapimwa kwa kilo. Hapo ndipo hatari inaanza, juu risasi nzima inaweza kuchanganywa na maganda matupu, halafu mtu anatafuta nyundo ili aifungue.

Wengine wanasema: mbona Marekani wawindaji wanajaza masasi yao nyumbani? Ni kweli, na huko inaruhusiwa. Lakini tuangalie namna wanafanya. Risasi ina vipande vinne: ganda, fataki kwenye kitako, baruti, na chuma kinachoruka. Anayeanza kujifunza ananunua baruti yenye jina kwenye kopo lake, anafuata kitabu cha vipimo, anapima kwa mizani ndogo sana. Kipimo kimoja chao, greni, ni kama gramu 0.065 tu. Anaanza chini ya kiwango cha juu, na hachanganyi baruti mbili. Usalama wake wote unatoka kwa kitu kimoja: anajua kila kipande kimetoka wapi.

Risasi ya kuokota ni kinyume cha hiyo. Hujui umri wake, hujui imelala majini au juani muda gani. Alama ya kugongwa kwenye fataki haimaanishi imekufa. Pengine ilikataa kulipuka mara ya kwanza tu. Masasi mengine yana dawa ya moto ndani ya ncha. Na ukiitupa motoni, inapasuka hata bila bunduki: vipande vya ganda vinaruka, na jicho haliponi. Hapo hakuna ufundi wa kujifunza.

Kuko pia sheria. Tangu 2002, sheria ya jinai ya kijeshi ya Kongo inaadhibu mtu yeyote anayeshika masasi ya vita bila haki, na raia anaweza kupelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mfuko wa mitraye unaweza kuwa kesi.

Kisangani ilituonyesha kwamba jambo hili haliishi siku bunduki zinanyamaza. Vita ya siku sita ya Juni 2000, kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda, iliachia muji ule mabomu ambayo wataalamu walipaswa kuyatafuta kwa muda mrefu.

Kwa hiyo, kuonya watoto peke yake haitoshi. Onyo la mwalimu linashindana na noti ya mununuzi, na nyumba yenye njaa itasikiliza noti. Wenye kununua mitraye wakatae masasi na kila kitu kinachofanana na bombe. Chefu wa avenyu apite kwenye depo zao, aongee nao waziwazi.

Na wewe ukiona moja: usiguse, usiihamishe. Rudi kwa njia uliyojia, weka alama mbali kidogo, zuia watoto, kisha julisha chefu wa avenyu, Msalaba Mwekundu ao timu ya kuondoa mabomu.