Tuandike Kabla Ufuta Haujakauka

Ndugu zangu wa Chitete, nanyi wa Msangano, Ivuna, Kamsamba na Ndalambo mnaokuja hapa kufuata ofisi za halmashauri yetu ya Momba, nina ombi moja. Malalamiko ya kijiweni tunayo ya kutosha, na sauti za WhatsApp zinajaza simu kila jioni. Safari hii tuandike barua yenye tarehe, majina, sahihi na mhuri, iende kwa diwani na kwa mbunge, kuhusu watoto wetu ambao bado hawajafikia umri wa darasa la awali.

Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Watu wa ofisini wanaiita PJT-MMMAM, kifupisho ambacho nacho kinahitaji kufupishwa. Inamtazama mtoto tangu mimba hadi miaka 8, kwa mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Ni programu nzuri, nasema hivyo bila kejeli. Lakini ilipangiwa miaka ya fedha 2021/22 hadi 2025/26, yaani hesabu yake inaishia Juni 2026. Kitakachoifuata kitakuwa na fedha kiasi gani, na fedha hizo zitafika kwenye kata au zitaishia kwenye semina, hapo ndipo pa kusemea. Ile ya kwanza wengi wetu tuliisikia redioni ikiwa imekwisha kuandikwa.

Chukueni kadi ya kliniki ya mtoto muitazame. Chanjo ya kwanza ya surua na rubela ni miezi 9, ya pili miezi 18. Baada ya sindano hiyo ya pili wengi wetu hatumpeleki tena mtoto kupimwa uzito, ingawa kadi ina nafasi hadi miaka 5. Darasa la awali nalo linampokea akiwa na miaka 5. Katikati pana zaidi ya miaka 3 ambayo hakuna ofisi inayouliza mtoto huyu ameshinda na nani, amekula nini.

Na kula kwenyewe si suala la ghala tupu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa. Kwa jirani zetu wa Rukwa ni karibu nusu, na Rukwa ni mkoa unaolima mahindi hadi kuwauzia wengine. Mahindi yapo. Anayekosekana ni wa kumkorogea mtoto uji saa 4 asubuhi wakati mama yuko shambani tangu alfajiri.

Tunajua msimu wa ufuta ulivyo. Ukishakatwa unafungwa miganda, unasimamishwa ukauke, na ukichelewa kuupiga, vitumba vinapasuka na mbegu zote zinamwagika chini. Ufuta haumsubiri mama mwenye mtoto mdogo. Kwa hiyo mtoto anakwenda naye, analazwa kwenye kanga chini ya mti, jua linahama na kivuli kinahama, siafu nao wana njia zao. Au anabaki nyumbani na dada yake wa darasa la tatu, ambaye siku hiyo shuleni anaandikwa mtoro. Mama mmoja akienda kuvuna, watoto wawili wanapoteza siku. Kwenye mpunga wa Kamsamba, ndege wanapofukuzwa kuanzia asubuhi hadi jioni, ni hivyo hivyo. Wenzetu wanaovuka mpaka pale Tunduma kwenda Nakonde na biashara zao wanamwacha mtoto kwenye chumba cha mama wa jirani kwa malipo ya siku, wanaondoka wakiomba Mungu.

Kuhusu vyumba hivyo nina neno. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo cha kulelea watoto mchana kisajiliwe, na ni sawa kabisa, watoto si mizigo ya kuwekwa stoo. Lakini kituo kikikutwa hakina usajili, jambo jepesi kwa ofisi ni kukifunga. Kesho yake watoto wale wale wako barabarani, kwenye foleni ya malori. Ningependa afisa ustawi wa jamii afike na maelekezo ya choo, maji na mafunzo ya mlezi, ampe mama yule muda wa kujirekebisha, kisha arudi kukagua. Kufuli liwe la mwisho.

Wapo watakaosema sheria imeshatujali wazazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na muda wa kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku. Mwaka 2025 sheria za kazi zikarekebishwa ili mama wa mtoto njiti aongezewe muda. Marekebisho hayo hayakudondoka kutoka mbinguni. Taasisi ya Doris Mollel na wazazi wa njiti walilipigia kelele jambo hilo miaka na miaka mpaka likasikika Dodoma. Nawapongeza. Ila mkulima wa ufuta hana mwajiri. Likizo yake ataiomba kwa nani, kwa jembe? Kwetu sisi, likizo ya uzazi ni kituo cha malezi kilicho karibu na shamba, na hicho hakitapatikana kwa sheria ya kazi.

Wala si wazo geni. Enzi za vijiji vya ujamaa vituo vya watoto vilikuwapo, na mwaka 1981 Bunge lilivitungia sheria yake. Wazee wetu wanavikumbuka. Tulivipoteza kimya kimya, tukabaki kuambiana kwamba kulea ni kazi ya bibi, kana kwamba bibi naye hayuko shambani.

Jimbo letu linajua kutajwa bungeni. Juni 2021 Momba ilivuma nchi nzima kwa sababu Spika alimtoa ukumbini mbunge wetu wa wakati huo kutokana na suruali aliyovaa. Wiki nzima watu walijadili suruali. Natamani tutajwe tena, kwa jambo lenye uzito zaidi ya kitambaa.

Kwenye barua tuombe mambo machache yanayotendeka. Kwa diwani: bajeti ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba iwe na kifungu chake cha malezi ya watoto wa chini ya miaka 5, chenye jina na kiasi, kisifichwe ndani ya "maendeleo ya jamii". Pia vikundi vya wanawake vinavyotaka kuendesha kituo vikubaliwe kwenye mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambamo 4 ni ya wanawake, kama vinavyokubaliwa vya cherehani na kuku. Kwa mbunge: aulize bungeni programu mpya imetenga nini kwa kata za vijijini, na aifikishe barua yetu kwenye kamati ya Bunge inayoshughulikia ustawi na maendeleo ya jamii. Nasi tuahidi cha kwetu. Maboma ya madarasa tumeyainua kwa nguvu zetu, tofali kwa tofali, boma la chumba kimoja cha watoto halitatushinda. Mabati, choo bora na posho ya mlezi ndivyo tunavyoviomba.

Wakati ni jambo la kuangalia sana. Bunge la bajeti hukaa Aprili hadi Juni, nasi ndipo tunapokimbizana na ufuta, na mipango ya halmashauri huwa imefungwa miezi kadhaa kabla. Barua ya Juni ni barua ya mwaka kesho. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila miezi 3. Ujao, hoja hii iwe kwenye ajenda, na mtendaji aiandike kwenye muhtasari, maana Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomgusa.

Karatasi ya kaunta buku inatosha. Andika "YAH: Malezi ya watoto wa chini ya miaka 5, Kata ya Chitete", kisha eleza mtoto wako anashinda wapi unapokuwa shambani, kwa maneno yako mwenyewe. Asiyejua kuandika amsimulie kijana wake wa sekondari, aweke dole gumba. Kina baba nao watie sahihi, mtoto si wa mama peke yake. Makao makuu ya halmashauri yako hapa hapa kwetu, hakuna nauli ya kusingizia. Wa Ivuna na Kamsamba watukabidhi za kwao siku wanapokuja. Barua iwe na nakala, na nakala igongwe mhuri wa kupokelewa mbele ya macho yako, kisha abaki nayo mwenyekiti wa kitongoji. Siku diwani au mbunge akija kwenye mkutano, asomewe tarehe iliyo kwenye mhuri, halafu aulizwe amefikia wapi.